Ngoma ya Miti: Maisha ya Richard St. Barbe Baker

Ndugu msomaji, ukiingia darasani leo na kuuliza ni nani aliyewakusanya Wakenya wapande miti, mikono yote itainuka na jibu litakuwa moja: Profesa Wangari Maathai. Mimi sina ugomvi na jibu hilo. Mama huyo alianza kazi ya Green Belt mwaka wa 1977, akapigwa, akafungwa, na mwaka wa 2004 akatuzwa Nobel ya Amani. Lakini kumbe miaka 55 kabla ya mwaka huo wa 1977, wakati Wangari mwenyewe hajazaliwa, ilichezwa ngoma kubwa pale Muguga, katika wilaya ya Kiambu. Haikuwa ngoma ya mavuno wala ya tohara. Ilikuwa ngoma ya miti. Ilichezwa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Julai, 1922, na aliyewaalika wachezaji alikuwa afisa wa misitu aliyeitwa Richard St. Barbe Baker.

Mwenzangu mmoja wa chama chetu cha Kiswahili aliponiona nikiandika habari za mtu huyu, aliniuliza kwa nini nihangaike na Mzungu wa serikali ya kikoloni ilhali mashujaa wetu wamejaa tele. Swali lake ni zuri na sitalikwepa. Nitayasimulia maisha ya Bwana Baker jinsi yalivyokuwa, mazuri na yasiyopendeza, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba, 1889, katika kijiji cha West End karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa na kitalu cha miche, kwa hivyo mtoto huyu alikulia mikononi mwa miti, kama vile mtoto wa mvuvi anavyokulia mashuani. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba akiwa na umri wa miaka mitano hivi aliingia peke yake katika msitu wa misonobari uliokuwa karibu na kwao, akatembea mpaka njia ikampotea. Badala ya kulia kama watoto wengine, alijawa na furaha ambayo hakuisahau hadi uzeeni. Wahenga hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, huyu wetu hakukunjwa na mwalimu yeyote. Alikunjwa na msitu wenyewe.

Alipofika umri wa ujana alivuka bahari kwenda Canada, akapata shamba karibu na mji wa Saskatoon na akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Hapo ndipo macho yake yalipofunguka. Nchi ile ni tambarare kama meza. Wakulima walikuwa wakiking'oa kila kichaka ili walime ngano, na upepo ulipovuma, udongo mzuri ulipeperuka ukaenda zake. Alifanya kazi pia katika kambi ya wakata magogo na akaona jinsi miti mingi ilivyoangushwa na kuachwa ikioza. Nadhani mtu akishaona udongo ukiruka angani kama vumbi la barabarani, hawezi tena kuutazama mti kama kuni tu.

Alirudi Uingereza kusomea dini huko Cambridge, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia. Alipigana Ufaransa na akajeruhiwa. Baada ya vita aliiacha nia ya kuwa kasisi, akasomea misitu pale pale Cambridge, na mwaka wa 1920 akatumwa Kenya kama afisa wa Idara ya Misitu.

Hebu sasa tuitazame Kenya aliyoikuta. Mwaka huo huo wa 1920 nchi yetu ilitangazwa kuwa koloni. Wanaume Waafrika walikuwa wakivikwa kipande shingoni kama kengele ya mbuzi. Kodi ya nyumba ilikuwa juu. Ardhi nzuri ya Kiambu na Limuru ilikuwa imekatwa na kupewa walowezi, na wenyeji wakabanwa katika sehemu walizobakishiwa. Mwezi wa Machi, 1922, Harry Thuku alikamatwa kwa sababu ya kuyasema mambo haya, na tarehe 16 ya mwezi huo watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 21, na wengine husema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke shujaa, Muthoni Nyanjiru. Basi msomaji, weka tarehe hizi mbili kando kwa kando: Machi 1922, risasi Nairobi; Julai 1922, ngoma Muguga, mahali ambapo si mbali na mji huo. Ni lazima wale vijana waliocheza Muguga walikuwa bado na uchungu moyoni.

Na misitu je? Misitu ilikuwa ikiliwa kutoka pande zote. Magari ya moshi ya reli ya Uganda yalikuwa yakichoma kuni, na walowezi walikuwa wakifyeka ili wapande kahawa na mazao mengine. Wenyeji nao, waliozoea kulima kipande cha msitu kwa miaka michache kisha kukiacha kipumzike, hawakuwa tena na mahali pa kuhamia. Walilazimika kurudi pale pale na kukata tena kabla msitu haujapona. Maafisa wengi wa serikali walipenda kumlaumu Mwafrika peke yake, ati yeye ndiye mharibifu. Hapa mimi natofautiana nao kabisa. Ukimfungia ng'ombe katika boma dogo, usimlaumu nyasi zikiisha.

Ni vizuri nieleze kidogo kwa nini jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Mvua ikinyesha juu ya msitu, matone hupigwa kwanza na majani, yakapoteza nguvu. Yakifika chini hukuta majani makavu yaliyooza, ambayo hunyonya maji kama sifongo. Kutoka hapo maji huingia ardhini polepole kupitia njia zilizofunguliwa na mizizi, kisha hutokea tena mbali kama chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Miti iliyo kando ya mto hushika kingo zisibomoke, na kivuli chake huyapoza maji ili samaki, vyura na wadudu wa majini waweze kuishi. Sasa ondoa msitu huo. Mvua ile ile itapiga udongo mtupu, itakimbia juu juu ikibeba mchanga, mto utafurika siku moja ukiwa mwekundu kama chai ya maziwa, na mwezi unaofuata utakuwa mawe matupu. Nchi ya Kiambu ni nchi ya vijito. Mto Nairobi unaanzia huko Kikuyu, katika kinamasi cha Ondiri, na mito mingine kama Ruiru inateremka kutoka ukingo wa milima ya huko juu. Anayekata miti ya Kikuyu anamkatia maji mtu wa Nairobi na wa mbali zaidi.

Bwana Baker aliliona jambo hili, lakini hakuwa wa kwanza kuliona. Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Wakikuyu walikuwa na elimu yao ya misitu kabla ya Mzungu yeyote kufika. Mugumo ulikuwa mti mtakatifu wa kuombea Ngai, na hakuna aliyethubutu kuugusa kwa shoka. Tena kulikuwa na desturi moja ya ajabu: walipofyeka msitu ili walime, waliacha mti mmoja mkubwa umesimama katikati, na baada ya nafasi fulani wakaacha mwingine. Waliamini kuwa roho za miti iliyokatwa zingekuja kukaa katika mti huo, la sivyo zingezurura na kuwasumbua watu. Mtu wa sayansi atacheka. Lakini fikiri vizuri: mti ule mkubwa ulioachwa ndio uliotoa mbegu, ndio uliowapa ndege mahali pa kutua, na mashamba yalipoachwa, msitu ulizaliwa upya kutoka kwake. Bwana Baker hakucheka. Aliandika habari za desturi hiyo katika vitabu vyake na akaisifu.

Ilipofika wakati wa kupanda, alikumbana na kikwazo. Kwa masimulizi yake, alipowaambia wazee kwamba ingefaa watu wapande miti, walimjibu kwamba hiyo ni shauri ya Mungu. Mwanadamu hupanda mahindi na maharagwe, miti hupandwa na Mwenyezi. Naye akawajibu kuwa wakiikata hata ile miti mizee yenye mbegu, watakuwa wamemnyang'anya Mungu mbegu zake. Jibu hilo lilikuwa la mtu aliyesikiliza kwanza. Afisa mwingine angetoa amri na kumtuma askari.

Aliona pia kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma kwa kila jambo kubwa. Waliposherehekea kupanda walicheza, na walipovuna walicheza. Akawauliza, kwa nini basi kusiwe na ngoma ya miti? Wazee walikubali. Habari zikatangazwa, na zawadi zikawekwa: dume la ng'ombe lililonona kwa kijana wa kiume atakayekuwa amejipamba kuliko wote, na mkufu wa shanga kwa msichana atakayewashinda wenzake. Mcheza kwao hutunzwa, naam, lakini safari hii alitunzwa na Idara ya Misitu!

Siku ilipowadia, watu walimiminika Muguga kama siafu. Bwana Baker anasema vijana wa moran peke yao walikuwa kama 3,000. Sijui ni nani aliyewahesabu katika vumbi lile, lakini hata tukipunguza nusu bado ni umati wa kutisha. Walicheza, wakaimba, zawadi zikatolewa. Kisha afisa huyo akaomba vijana wa kujitolea watakaokuwa walinzi wa miti, na katika waliojitokeza wakachaguliwa 50. Hao waliahidi mbele ya Ngai kwamba watailinda misitu ya asili, kwamba kila mwaka kila mmoja atapanda miti kumi ya kienyeji, na kwamba wataitunza miti popote watakapoikuta. Neno lao la kutambuana lilikuwa Twahamwe, yaani tu pamoja, tuvute kwa nguvu moja. Aliyesimama naye bega kwa bega katika kuanzisha chama hicho alikuwa Chifu Josiah Njonjo, yule ambaye mwanawe, Charles Njonjo, alikuja kuwa Mkuu wa Sheria wa kwanza Mwafrika katika Kenya huru.

Na jina la chama? Wapenzi wa Kiswahili, shikeni viti. Jina lake lilikuwa Watu wa Miti. Si Kiingereza, si Kilatini. Lilipofika Uingereza ndipo likatafsiriwa kwa Kiingereza, likaenea nalo duniani. Ni mara ngapi tunaambiwa kwamba Kiswahili hupokea tu maneno ya wengine? Hapa lugha yetu ilizaa, na Kiingereza kikapokea.

Narudi kwa swali la mwenzangu. Ukitazama vizuri, Bwana Baker alileta nini pale Muguga? Alileta wazo la kitalu na la kupanda miche kwa mkono. Imani kwamba mti ni kitu kitakatifu aliikuta. Ngoma aliikuta. Desturi ya vijana wa rika moja kufanya kazi pamoja aliikuta. Hata neno Twahamwe si lake. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba Mzungu aliwafundisha Wakikuyu kupenda miti, mwambie aketi chini. Lakini mtu akikuambia kwamba Mzungu huyo hakufanya chochote, huyo naye mwambie aketi. Alikuwa afisa wa serikali iliyokuwa imewafyatulia watu risasi miezi minne iliyopita, lakini yeye akaja mbele yao na kuomba. Wenzake wangapi walikuwa wakiomba?

Kuna kisa kingine kinachoonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Siku moja afisa mwenzake alimwinulia mkono kibarua Mwafrika ili ampige. Bwana Baker akajitia katikati na pigo likampata yeye. Katika koloni ya siku zile, Mzungu kumkinga Mwafrika dhidi ya Mzungu mwenzake lilikuwa jambo la aibu mbele ya wakubwa, na halikumfaidi kazini. Kufikia mwaka wa 1924 alikuwa London, ambako aliwaeleza watu habari za imani ya Wakikuyu katika mkutano mkubwa wa dini za himaya. Katika mkutano huo alikutana na watu wa dini ya Bahai, akaifuata dini hiyo hadi kufa kwake. Mwaka huo huo alianzisha tawi la Watu wa Miti kule Uingereza.

Kutoka hapo maisha yake ni kama ya kipepeo, hatui mahali pamoja. Alifanya kazi ya misitu kusini mwa Nigeria hadi 1929, katika nchi ya mikangazi ya Benin. Kisha alikwenda Palestina, akawaketisha pamoja viongozi wa Waislamu, Wakristo na Wayahudi ili wapande miti, jambo ambalo ukifikiria yanayotokea huko leo utaona lilikuwa gumu kuliko kuvuka bahari kwa miguu. Katika miaka ya 1930 alipigania miti mirefu ya California isikatwe. Mingine kati ya miti hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja na urefu wa zaidi ya mita 100. Sitamfuata kila alikokwenda, maana kurasa za jarida hili si zangu peke yangu.

Mwaka wa 1952 alianza safari nyingine, ya kulichunguza jangwa la Sahara. Wazo lake lilikuwa kwamba jangwa linasonga kusini kwa sababu watu wanaondoa miti inayolizuia, na kwamba linaweza kurudishwa nyuma kwa ukuta wa miti. Watu wengi walimwona kama mwotaji wa mchana. Lakini mwaka wa 2007 Umoja wa Afrika ulianzisha mradi wa Ukuta Mkuu wa Kijani kutoka Senegal hadi Djibouti, na yule mwotaji alikuwa tayari kaburini miaka 25. Mwaka wa 1955, wakati Kenya iko katika Hali ya Hatari na jina la Mkikuyu likitajwa Uingereza kama jina la muuaji, alichapisha kitabu kiitwacho Kabongo, hadithi ya maisha ya chifu Mkikuyu. Kuchapisha kitabu cha namna hiyo mwaka ule kulihitaji moyo.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika maisha yake ni ya uzeeni. Alikuwa ameoa mara ya pili na kuhamia New Zealand. Mwaka wa 1963, akiwa amepita miaka 70, umri ambao wazee wengi huota jua tu barazani, alipanda farasi akaanza safari kutoka kaskazini mwa nchi ile kuelekea kusini kabisa. Gari lilikuwapo. Reli ilikuwapo. Yeye akachagua farasi, na njiani alisimama katika shule baada ya shule kuwazungumzia watoto juu ya miti. Hebu fikiri uko darasani, mwalimu wa hesabu yuko ubaoni, mara kwato zinasikika uwanjani, mzee mwenye nywele nyeupe anashuka kutoka kwa farasi na kuanza kukuambia mti unakunywaje maji! Nani angesinzia? Naamini alichagua farasi makusudi. Mtoto anaweza kulisahau somo lakini hawezi kumsahau farasi, na akimkumbuka farasi atakumbuka pia kilicholetwa na farasi huyo.

Hapo naona alikuwa amebeba mafunzo ya Muguga, ijapokuwa miaka 41 ilikuwa imepita. Kule aliwavuta watu kwa ngoma, huku akawavuta watoto kwa farasi. Sisi siku hizi tunafundishwa mazingira kwa karatasi. Tunakariri sababu tano za mmomonyoko wa udongo, tunaziandika kwenye mtihani, tunapata alama zetu, kisha jioni sisi wa shule ya kutwa tunavuka daraja kwenda nyumbani bila kuutazama mto ulio chini yake, ambao umejaa chupa za plastiki na mifuko. Serikali nayo ilitupa sikukuu ya kupanda miti tarehe 13 Novemba, 2023, na nyingine tarehe 10 Mei, 2024, baada ya yale mafuriko makubwa. Watu walipanda, picha zikapigwa. Swali langu ni moja tu: nani alirudi Desemba kuinyweshea? Wale 50 wa Muguga waliahidi kupanda na kutunza, si kupanda na kupigwa picha.

Mwaka wa 1977 Bwana Baker, akiwa mzee wa miaka 80 na ushei, alikwenda India kwenye milima ya Himalaya kuwaona watu wa Chipko. Hao ni wanavijiji, wengi wao akina mama, waliokuwa wakiikumbatia miti ili wakataji waliotumwa na makampuni wasiikate, kwa sababu walijua kwamba misitu ya mlimani ikienda, chemchemi zao zitafuata na mto utawafurikia walio chini. Ona jinsi mambo yanavyolingana: mwaka huo huo wa 1977, mwezi wa Juni, akina mama wa Kenya wakiongozwa na Wangari Maathai walipanda miche saba pale Kamukunji, Nairobi.

Mwaka wa 1982 alirudi Saskatoon, mji wa ujana wake, ambako chuo chake cha zamani kilikuwa kimempa shahada ya heshima mwaka wa 1971. Alipanda mti wake wa mwisho katika uwanja wa chuo hicho mwanzoni mwa mwezi wa Juni, wakati wa Siku ya Mazingira Duniani. Siku chache baadaye, tarehe 9 Juni, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 92.

Chama chake kingali hai. Kilibadilisha jina la Kiingereza, sasa kinaitwa International Tree Foundation, na kimerudi kufanya kazi na vikundi vya wenyeji walio kando ya misitu ya Kenya. Muguga pia haikuwaacha watu wa miti, kwa maana makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, yaani KEFRI, yako huko huko. Sina hakika kama kila anayeshuka kwenye kituo cha matatu pale anajua ni ngoma gani iliwahi kuchezwa.

Si mbali na hapo ndipo kilipo kinamasi cha Ondiri nilichokitaja, chanzo cha Mto Nairobi. Kwa miaka mingi kilikuwa kikinyonywa kila upande. Watu walitega pampu za kunyunyizia mboga, maji machafu yaliingia, na mikaratusi ilipandwa karibu na maji. Mkaratusi ni mti wa kigeni ulioenezwa enzi za ukoloni ili upatikane kuni na mbao haraka, nao hunywa maji kama ngamia. Mwaka wa 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo kando ya mito ing'olewe, na kelele zilikuwa nyingi kwa sababu mti huo ni pesa. Ahadi ya wale vijana 50 ilikuwa ya miti ya kienyeji, lakini ni wazi kwamba si kila aliyekuja baadaye aliijali.

Wenyeji wa Kikuyu hawakungoja kuokolewa. Walijiunga, wakaitoa mikaratusi, wakapanda mianzi na miti ya asili kuzunguka maji, kinamasi kikawekewa ua. Korongo wenye taji kichwani huonekana huko wakitembea juu ya matete. Wanafunzi hupelekwa kutazama mahali ambapo mto mzima unaanza, mto ule ule ambao ukifika Gikomba mtu huziba pua. Huoneshwa maji yakitoka ardhini, wakapewa miche na jembe.